Barua ya Posa kwa Mwalimu wa Mazoezi

Jumatatu, 5 Agosti
Balaa! Kapteni Badru ametangaza mbele ya maveterani wote wa Mabawa kwamba Jumapili ya tarehe 18 tunacheza na Muheza, na atakayeshindwa kuzunguka uwanja mara nne bila kusimama atakaa benchi. Alisema "atakayeshindwa" huku akitazama tumbo langu. Jezi namba tisa ni yangu, mwaka wa kumi na tano huu! Hatim, muuza misumari na mabati, ambaye anaisubiri kutoka benchi, aliniuliza kwa upole kama bado inanitosha. Inanitosha. Inapanda kidogo tu.

Nahitaji mwalimu wa mazoezi.

Jumanne, 6 Agosti
Nimekwenda jimu kupeleleza. Walimu wawili. Luka alipita jeshini, hacheki, na wateja wake wanatoka wakishikilia ukuta. Idarusi ni mtu mwingine kabisa. Anacheka na wote, ananukia udi, na nimeona kwa macho yangu mteja akinyanyua chuma mara nne, yeye akahesabu kumi. Huyu ndiye!

Lakini mtu mzima hajipeleki mwenyewe kama asiye na kwao. Je, akinikataa mbele za watu? Nitatuma mshenga. Mambo yana taratibu zake.

Jumatano, 7 Agosti
Nimekwenda kwa Shangazi Kijakazi, aliyeozesha nusu ya Mabawa. Baada ya shikamoo nikamweleza. Hakushangaa. Aliuliza walimu hao ni watoto wa nani, nikasema sijui, akaguna. Nimeandika barua, akaikunja ndani ya leso nyeupe, akaiweka pembeni ya sahani ya halua. Halua niliionja. Ikabidi atafute nyingine.

Ijumaa, 9 Agosti
Majibu yamekuja. Nimekubaliwa! Na Luka!

Shangazi anasema hawezi kumpeleka mwanawe kwa mtu anayecheka na kila aingiaye. Ameulizia kwa majirani: Luka kalelewa vyema na mama wa Kishambaa, anaamka alfajiri, hasemi uongo. Tena, kwa kuwa mshenga mwaminifu hafichi aibu za upande wake, alimweleza Luka yote. Sahani ya tatu ya pilau. Usingizi wa baada ya alasiri. Goti langu bovu ambalo huuma siku za kazi tu. Luka alisikiliza hadi mwisho, akasema yuko tayari.

Nikajaribu kukataa. Shangazi akaniuliza kama nataka azeeke akipita vichochoroni kwa aibu. Basi, nimeridhia.

Jumamosi, 10 Agosti
Fungate. Luka aligonga dirisha kabla sijakunja mswala. Tumekimbia hadi Raskazone. Yaani, yeye alikimbia; mimi nilifika. Nikataja goti. Akauliza lipi. Nikasahau lilikuwa lipi. Nilipiga pushapu tano, akahesabu tano. Mtu gani huyu!

Jumatatu, 12 Agosti
Wazo! Mwanamume akibanwa nyumba ya kwanza hufungua ya pili, kimyakimya. Nimemwendea Idarusi saa kumi jioni, saa ambazo Luka hayupo. Nimenyanyua chuma mara tano, amehesabu kumi na nane. Nimetoka nina nguvu kuliko nilivyoingia.

Kwa Luka nimetuma ujumbe kwamba nimefiwa na baba mdogo huko Mkwaja. Siku nne za msiba. Mola anisamehe. Baba mdogo mzima kabisa, anapalilia minazi yake.

Alhamisi, 15 Agosti
Sasa ndio msiba. Kumbe Luka kalelewa vyema kupita kiasi! Amekusanya watu wa jimu, wakabeba mfuko wa mchele, wakaenda kumpa pole Shangazi kwa kufiwa na ndugu yake. Shangazi akapiga yowe. Majirani wakajaa, mikeka ikatandikwa. Akapiga simu Mkwaja kuuliza maziko ni saa ngapi. Marehemu akapokea mwenyewe. Mtoto wa jirani akasema kaniona naingia jimuni.

Mimi wakati huo nimelala chali jimuni, Idarusi akinihesabia ishirini na nane, mashallah, ishirini na tisa. Nikafumbua macho. Shangazi! Nyuma yake Luka, na mfuko wa mchele begani. Shangazi alimwomba Luka radhi mbele yangu, akaomba arudishiwe leso yake. Luka akasema hafundishi mtu anayezika wazima. Idarusi naye akaapa hakujua kama nina mwalimu mwingine, na yeye hataki ugomvi na wazee. Nimeachwa mara mbili ndani ya dakika tano. Mchele wameondoka nao.

Jumapili, 18 Agosti
Nilikwenda uwanjani na matumaini. Kwa hesabu za Idarusi nilikuwa na mazoezi mia moja na ushee mwilini. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, mwisho wake sikuuona. Nilizinduka nimemwagiwa maji, Badru kanishika mkono, akaniambia taratibu, kaka, vua jezi. Hajawahi kuniita kaka.

Nimeumia. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Miaka yote hii wakiita namba tisa, nageuka. Leo waliita, nikageuka, kumbe wanamwita Hatim. Akafunga kwa kichwa. Ana miaka hamsini na miwili! Wanasema anafundishwa na Luka tangu Ramadhani. Wageni walileta machungwa ya kwao. Nimekula sita, kwa hasira.

Jumatatu, 19 Agosti
Nimekaa nikatafakari kwa unyoofu, bila kujionea huruma. Kosa nimeliona. Si uvivu, wala si pilau. Kosa ni kuwaweka wawili ndani ya jimu moja. Mwanamume gani mwenye akili hufanya hivyo? Mmoja huwekwa mjini, wa pili huwekwa mbali. Nasikia Muheza kuna mwalimu mpole, ana hesabu nzuri kuliko hata ya Idarusi. Na wa mjini nitampata tu. Barua zote mbili nimeshaandika. Kilichobaki ni mshenga. Awe mgeni, asiyetujua.