Pikipiki ya Theluji Isiyokata Kona

Jumatatu, 14 Februari 2011
Huu ni mwezi wa tatu sina kazi hapa ughaibuni. Mke wangu Dorotea anatoka alfajiri kusafisha maofisi, anarudi hoi, anainjika chai tu. Angegomba ningepata nafuu. Leo, afadhali! Mzee Zulfikar, Mhindi wa Mwanza anayekodisha pikipiki za theluji kaskazini ya jiji, anatafuta fundi. Nikamwambia nimefunga springi za malori ya viazi Mbeya miaka tisa. Akasema mtihani Ijumaa: nitengeneze mashine mbovu inayokataa kukata kona, kisha nimpakie yeye mwenyewe. Kamwita na Ombeni, jirani yetu ghorofa ya nne. Kule nyumbani alikuwa karani. Karani!

Jumatano, 16 Februari
Uwanjani kwa Mzee, kila mtu na mashine yake. Baridi ya kukata masikio. Ombeni kakaa juu ya ndoo, anasoma kitabu cha mashine. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Fundi hasomi bwana, fundi anasikiliza chuma! Nimekaza springi zote sana, kama lori linalokwenda kupakia. Ya kati nimeikaza zaidi. Nikajaribu. Nageuza kushoto, yenyewe inaenda mbele tu. Nikachokonoa vyuma vya usukani. Sasa inakwenda kulia bila kuambiwa. Nimechoka.

Ijumaa, 18 Februari
Aibu, jamani. Mzee alipanda nyuma, nikatia moto. Ski mbili za mbele, zile bapa za kutelezea, zikanyanyuka, kona ikaja, na sisi hao, moja kwa moja kwenye rundo la theluji. Ombeni alizunguka vizuri mapipa yote aliyopanga Mzee. Kisha akanieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba springi ya kati ikikazwa mno inainua ski, nazo zisipogusa chini usukani hauna kazi. Yeye aliilegeza tu, kitabu kilivyosema. Kazi kapewa yeye.

Jumapili, 20 Februari
Mzee kapiga simu! Anataka fundi wa pili. Nisome kitabu, Jumamosi ataniuliza sura ya springi na ya usukani. Ombeni kakileta mwenyewe. Dorotea alikaa kitandani akalia, akasema labda sasa ataacha zamu ya alfajiri. Hata mimi machozi yalinilengalenga. Nimemwahidi nitakisoma.

Alhamisi, 24 Februari
Dorotea kauliza nimefika sura ya ngapi. Nikamwambia kitabu kimenisaidia sana. Si uongo. Nimekiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni, na meza haiyumbi tena hata kidogo. Jumamosi nitamweleza Mzee ufundi huu wa meza. Ombeni na kusoma kwake kote, hilo hakuliwaza.