Baba wa Kwenye Simu

Alhamisi, 28 Desemba

Nimefika nyumbani. Miaka miwili napiga plasta kwenye maghorofa ya watu, mbali huko, leo nimefika kwangu. Nikafungua mikono mlangoni. Kitinda, kitindamimba wangu, akanitazama kutoka viatuni hadi utosini, akapiga yowe, akajificha kwenye gauni la mama yake. Mimi ndiye baba yake! Nilipoondoka hata kukaa alikuwa hajaweza. Sasa anakimbia, tena ananikimbia mimi.

Kaka yake, Wakili (tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna jambo asilolibishia), akanieleza kwamba baba wa Kitinda anakaa kwenye simu. Kila jioni anawaka, anacheka, anazimika. Mama watoto akasema nisiwe na haraka, mtoto atazoea tu. Haraka? Jumanne narudi kazini!

Mwaka tutaumalizia humu humu sebuleni, amesema. Hakuna wageni, hakuna kelele. Keki, juisi, maputo, watoto walale mapema. Nimekubali. Lakini moyoni nina langu: kabla mwaka haujaisha, Kitinda awe amekaa mapajani mwangu. Nikishindwa, naondoka tena nikiwa mgeni kwa damu yangu.

Ijumaa, 29 Desemba

Tatizo nimeligundua. Kofia! Huwa nawapigia nikitoka kazini, kofia ngumu ya njano bado kichwani. Mtoto hajawahi kuziona hizi nywele zangu. Nikaitoa kofia begini, nikaivaa, nikaketi mezani kunywa chai huku natabasamu.

Kitinda akaitazama kofia. Akanitazama mimi. Akaitazama tena kofia.

"Mwizi! Kofia ya baba!"

Wakili akanishauri niirudishe kwa mwenyewe kabla mambo hayajawa makubwa. Mama watoto alicheka hadi chai ikamtokea puani. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mchana kutwa nawaza hili moja. Je, mtoto akianza shule, akimaliza, akaolewa, nami bado ni mwizi wa kofia?

Jumamosi, 30 Desemba

Leo nilimtumia yule wa kwenye simu aniombee. Nikajifungia bafuni na kofia yangu kichwani, nikakaa juu ya ndoo, nikampigia mama watoto kwa video. Loo! Kitinda alibusu kioo mpaka nikaona giza. Akanionyesha kidole chake chenye kidonda, siri ambayo mgeni wa sebuleni hajaonyeshwa. Nikamwambia kwa sauti ya asali kwamba yule aliyekuja hapo nyumbani ni mtu mwema, amkumbatie. Hataki. Yule anakula sana, akasema.

Wivu ukanipanda. Wivu juu ya nani? Juu yangu mwenyewe! Huyo bwana wa kwenye simu hajamwogesha mtoto, hajampangusa kamasi hata siku moja, na mabusu yote ni yake. Nimemchukia.

Wakili akasikia sauti yangu inatoka kuwili. Akafanya uchunguzi. Komeo la bafu letu ni la kubahatisha, mlango ukafunguka. Kitinda akaniona, simu mkononi, baba yake yumo ndani ya simu anatoa macho. Kilio! Kwa akili yake, mgeni kamteka baba kamfungia chooni. Wakili, bila kuulizwa, akatukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akahesabu kwa vidole. Leo ni ya tatu.

Jumapili, 31 Desemba

Jirani kanunua friji. Nimeomba boksi. Nimelikata dirisha mbele, nikachora vitufe kwa mkaa, nikaingia na kofia yangu. Simu kubwa kuliko mtu! Mama watoto akaniuliza kama kweli huko kazini hakuna kitu kilichoniangukia kichwani.

Jioni wakawasha mshumaa kwenye keki. Wakili alibishana na puto hadi likapasuka. Mimi nimo boksini, jasho linanitoka, magoti yamekufa ganzi. Kitinda akasogea. Akachungulia.

"Baba."

Akanilisha keki kupitia dirishani, nusu mdomoni, nusu sikioni. Akashika ndevu, akashtuka, maana wa kwenye simu hachomi. Akashika tena. Nilitaka kuruka na boksi langu! Mama watoto akanikata jicho: tulia. Nikatulia. Nikatulia mno, usingizi ukanibeba. Nilipozinduka, Kitinda alikuwa kaingia boksini, kalala kifuani pangu, mate yananilowesha shati. Sikusogeza hata kidole.

Jumatatu, 1 Januari

Ushindi! Boksi Wakili amelichana, lakini Kitinda hajali. Ananifuata kila niendako, hata bafuni. Nimeonyeshwa kile kidole chenye kidonda, ana kwa ana.

Mama watoto anasema kilichomleta mtoto si boksi, ni kule kutulia kwangu mahali pamoja. Akaongeza, kama mtu anayezungumza na sufuria, kwamba nyuma ya soko kunajengwa shule na wanatafuta wapiga plasta. Malipo madogo, ila kila jioni mtu analala kwake. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria.

Jumanne, 2 Januari

Naandika nikiwa kwenye basi, mwandiko unarukaruka. Asubuhi nilimpigia msimamizi wa kule maghorofani, nimekubali mkataba mrefu kuliko ule wa kwanza. Akili yangu imefanya kazi! Kama boksi la friji limefanya maajabu yale, je, televisheni ya kujaza ukuta mzima, nitakayoinunua kwa mshahara huo? Kitinda ataniona mzima mzima, kofia hadi viatu. Mama watoto nilipomweleza aligeukia sufuria zake, akazisugua kwa nguvu zote. Furaha hiyo.

Mtoto ndiye aliyenisumbua. Aling'ang'ania suruali yangu mlangoni, analia baba, baba, tukambandua kidole kimoja kimoja. Nikamfuta machozi. Nikamwambia anyamaze, jioni baba atampigia simu.

Akalia zaidi. Hajui tu televisheni yenyewe itakuwa kubwa kiasi gani.