Mkubwa Achanjwe Kwanza

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Naomba radhi, shajara, kwa kukutupa tangu mwaka mpya. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nakwepa kuandika neno moja, na leo sina budi kuliandika. Sindano.

Binti yangu amejifungua mtoto wa kiume. Nyumba nzima inambeba, isipokuwa mimi, babu yake, ninayemtazama kutoka mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Binti ametangaza kwamba mtu mzima ambaye hajachanjwa chanjo ya kifaduro hamgusi mwanawe. Nikamkumbusha kuwa mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Akajibu kwamba kifaduro hakijui vyeo. Jibu safi. Nimemlea vizuri mno.

Mke wangu alishachanjwa zamani. Alipitia kliniki, akapitia sokoni, akarudi na vitunguu. Jambo lenyewe hakulitaja. Mwanamke wa ajabu.

Anayenikosesha raha ni mkwe mwenzangu, fundi saa, baba wa mume wa binti yangu. Ametamba kwamba Alhamisi anakwenda kuchanjwa. Mimi na yeye tunagombania ukubwa tangu siku ya posa: nani aketi kwanza, nani afungue kikao. Hatambeba mjukuu kabla yangu. Mpango ninao.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nilibandika plasta begani, nikakunja mkono wa shati, nikaenda kwa binti. Akanipongeza sana. Akauliza kama mkono unauma. Nikasema hata kidogo. Akaubonyeza. Nikatabasamu. Akaubonyeza kwa nguvu zaidi. Nikatabasamu zaidi.

Akasema mkono uliochanjwa leo haubonyezwi hivyo mtu akabaki anatabasamu. Mama yake alipoguswa tu alimfukuza kwa mwiko. Akabandua plasta. Chini yake, ngozi safi kabisa. Akanirudisha mlangoni.

Nilimstahi sana wakati ule. Akili kama ile hakuiokota njiani.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mpango mpya, usio na uongo ndani yake. Kwenda kliniki, kuketi mwisho wa benchi, kupisha kila mtu mpaka wafunge, kisha kurudi nyumbani na kulalamikia foleni.

Sikuwatia hesabuni vijana wetu na adabu zao. Kabla sijaketi, msichana mmoja akainuka. "Shikamoo, babu. Pita mbele." Nikasema marahaba, hapa pananitosha. Fundi seremala akasema haiwezekani, mzee akae nyuma yake watu wamwonaje? Mama mjamzito akanivuta mkono akisema hataki laana, na tumbo lenyewe hili. Nikasogezwa benchi zima kama sahani ya mezani, kila mtu akinipokea kwa shikamoo. Miaka yote nimewafundisha watoto wa mji huu kuheshimu wakubwa. Wameelewa somo. Nilijivunia huku nikiutafuta kwa macho mlango wa kutokea.

Mlangoni nikamkuta mkwe mwenzangu, naye amesukumwa kutoka upande wa pili. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Kumbe na yeye!

Nikamwambia atangulie, kwani yeye ndiye mkubwa. Akasema hapana, mkwe, mkubwa ni wewe, kila mtu anajua. Nikawatolea walioketi ushahidi kwamba mimi nilipokuwa nanyonya, huyu alikuwa tayari na ndevu. Akaapa kwamba harusi yangu aliiona akiwa bado anavaa kaptula. Benchi zima likacheka. Seremala akasema leo ndiyo mara ya kwanza anaona wazee wanagombania utoto.

Muuguzi akatoka, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti. "Wazee wangu, ingieni wote wawili. Viti viko viwili." Hakupaza sauti. Tukaingia.

Akaniuliza mjukuu amefanana na nani. Nikaanza kumweleza lile paji la uso, ambalo ni langu, ingawa nimeliona kwa mbali tu. Nilipofika kwenye masikio akasema tayari. Sikuhisi kitu. Kilichoniuma ni vidole vya mkwe mwenzangu, vilivyokuwa vimening'ang'ania mkono. Nimewaona walimu wengi hodari. Yule amewapita wote.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Binti alitusubirisha wiki mbili, chanjo ishike. Leo akatukalisha, akauliza nani mkubwa, ndiye aanze. Tukasema "mimi" kwa pamoja. Mkwe mwenzangu akanikumbusha ushahidi nilioutoa kliniki. Nikamkumbusha kaptula. Tulipofika kwenye nani alizaliwa kabla ya mwaka wa mafuriko, mke wangu alikuwa ameshambeba mtoto, amembembeleza na kumlaza.

Baadaye, wengine walipokuwa jikoni, mtoto akalia, na karibu naye nilikuwa mimi. Nikambeba. Mwepesi kuliko kamusi. Akanishika kidole, akanyamaza. Paji ni langu. Nimelithibitisha.

Ningetaka kuishia hapo. Lakini binti amesema mwezi ujao kuna chanjo ya mafua kwa wazee, na sheria yake ni ile ile.

Plasta nyingine ninayo. Kosa langu la kwanza nimeshaligundua: nilitabasamu. Safari hii akibonyeza, nitapiga kelele. Limebaki jambo moja tu, na nikishaliamua nitakuandikia: bega la kushoto, au la kulia.