Rafiki Zangu Wanakataa Kunitangulia

Nyakarenzo, Cyangugu
Mwezi wa kumi, 1999

Kwa Padiri Buhendwa, mchungaji wetu uliyetuvukia kutoka Bukavu,

Padiri wangu mpendwa, nakusalimu kwa heshima yote, nikiwa nimeketi kitandani na hasira ya Kikristo.

Unakumbuka Jumapili uliyotuhubiria habari za yule wakili mjanja wa Injili, mtunza mali ya tajiri. Ulisema mali ya dunia ina madoa, lakini muntu mwenye akili anaitumia kujipatia rafiki, ili siku itakapomwishia, rafiki hao wampokee katika makao ya milele. Maneno hayo yalinipata palepale kwenye benchi. Mali yangu unaijua: ni chumvi na sabuni zilizovuka mto kwenda Bukavu wakati wa vita, na bei niliipanga mimi. Tena daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Watu wangu wa damu waliingia msitu wa Kongo, na mpaka leo sina habari yao. Siwezi kusema wako huko mbele, maana bado ninawangoja hapa. Basi nani atanipokea? Kufika ugenini bila muntu mlangoni, aibu gani hiyo!

Nilifanya kama ulivyosema, tena kwa akili: nilichagua rafiki waliokuwa karibu kuondoka. Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Maman Gaudiose. Ulimpaka mafuta ya wagonjwa wewe mwenyewe, sote tukilia. Nilimpa ng'ombe wa maziwa ili aende akiwa ameshiba. Alikunywa, akakaa, akasimama. Sasa analima kilima kizima na kunigombeza kuwa natembea polepole. Nilipomkumbusha kwa adabu kwamba ninamtegemea kule juu, alicheka hadi akashika mbavu, akasema yeye ana maharagwe ya kuvuna.

2. Mzee Mukengere, katekista wa zamani. Huyu alikuwa ameshachagua nyimbo za mazishi yake. Nilimnunulia godoro, blanketi na dawa za kifua. Padiri, kifua kimepona! Anaimba besi kanisani na kunifunika sauti. Godoro langu limemharibu kabisa.

3. Hili ndilo lililonikaba. Jumapili iliyopita ulitangaza ndoa ya hao wawili! Watu wanaooana hawana mpango wa kusafiri. Na bila haya wamenichagua mimi niwe msimamizi wao, nivae na koti.

4. Nawe hauko safi, samahani. Kila misa unawaombea wazee wa parokia maisha marefu. Unanihimiza nijipatie rafiki wa kunipokea, kisha unawazuia wasiondoke.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: usiwaombee afya mpaka mambo yangu yatengemae, na ndoa isogezwe mbele. Kama haiwezekani, unitafutie rafiki wengine walio makini zaidi. Na hao nao wakipona, basi utangulie wewe mwenyewe, kwani umesoma na njia unaijua.

Nisalimie masista, mpishi wako, na wanakwaya wote isipokuwa wa besi.

Ni mimi, mwanao katika Kristo niliyeponzwa na wema wangu,
Ladislas Bimenyimana

Tena kidogo: Barua hii haikuondoka siku ile. Nilipokuwa nafunga bahasha, moyo ulinishika nikaanguka. Haya nakuandikia nikiwa hospitali ya Mibirizi. Walinileta kwa ingobyi, ile machela yetu ya kubeba mabegani, na aliyeshika mbele kupanda mlima wote ni Mzee Mukengere, akiimba, kwa kifua kile kile nilichokilalamikia. Nilitaka kumwambia anyamaze, nikashindwa, nikaanza kulia. Maman Gaudiose alikata njia ya mkato mashambani, akatutangulia. Tulipofika, kitanda kilikuwa kimetandikwa, maziwa yamepashwa moto, naye amesimama mlangoni kunipokea, huku akinigombeza.

Waombee maisha marefu, Padiri, na miguu hasa. Koti la harusi nimeshaazima.