Masikio ya Kulungu wa Bibi Ravdna

Veijo Lampela alikuwa na vitu viwili tu duniani: ulimi na gari. Mkewe alishamtimua, kwa hiyo kigari kile kikuukuu cha mizigo ndicho kilikuwa nyumba, kitanda na kabati la soksi. Ulimi ndio uliomlisha. Siku ya pili ya tamasha la baridi la Suoniva, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, alikuwa kwenye hema la supu ya samaki akiyeyusha barafu ya sharubu, pua yake ikanusa pesa.

Pesa zenyewe zilikuwa za Hannes Yliruusu, mwenye hoteli. Alihamia kaskazini miaka mitatu tu iliyopita, lakini kofia yake ya kienyeji ilikuwa kubwa kuliko ya mwenyeji yeyote.

"Shemeji yangu ana kulungu wa mbio," alilalama. "Kila mwaka anashinda, kila mwaka ananicheka mbele ya wageni wangu! Nikipata wa kumshinda, natoa euro elfu nane."

"Toa tisa," Veijo akadakia, "nikuletee bingwa wa Norwei. Wenyewe wanamficha."

"Wanamficha kwa nini?"

"Kaka, ungekuwa wewe ungemtangaza?"

Hannes akaona hilo nalo neno. Wakapeana mikono: akishinda, pesa taslimu.

Sasa kilichobaki ni kupata kulungu. Nje, Bibi Ravdna, muuza glavu za sufu, alikuwa akiwapandisha watoto kwenye sleji iliyovutwa na Muste, dume jeusi lenye miguu mirefu.

"Shikamoo bibi. Una kulungu wangapi?"

Wauza glavu wote wakageuka kumtazama. Mtu mzima haulizwi hivyo Suoniva.

"Na wewe, mwanangu," bibi akajibu, "benki una ngapi?"

"Nisamehe, bibi. Nampenda huyu. Nakupa gari langu."

Veijo akapiga ngumi chini ya usukani, mahali anapopajua yeye peke yake, injini ikakohoa na kuwaka. Bibi akalizunguka gari, akapiga teke tairi, akachukua ufunguo na kadi ya gari iliyotiwa saini. Kisha akachomoa kisu, akachanja mpira wa ukingo wa mlango: mikato miwili na pembetatu ndogo.

"Ya nini hiyo?"

"Ya moyo wangu kutulia."

Ushirikina wa vikongwe, Veijo akawaza. Ufunguo wa akiba alikuwa nao ndani ya soksi. Angeuza kulungu, kisha angelichukua gari lake, aondoke na vyote viwili. Mpango ulikuwa safi, karibu ajionee wivu.

Mbio zilipoanza, Muste akakimbia juu ya ziwa lililoganda kama aliyeitwa. Kweli aliitwa: mwisho wa njia alisimama Bibi Ravdna akitikisa mfuko wa chakula. Shemeji mtu akaachwa nyuma. Hannes, machozi yamemgandia mashavuni, akatoa bunda.

"Ngoja kwanza," akasema mzee Sammol, mwamuzi wa mbio. Akavua glavu, akapapasa masikio ya kulungu, jambo linalofanywa kabla hata ya kumpongeza mtu. "Mikato miwili na pembetatu. Kulungu wa Ravdna."

"Nimemnunua!" Veijo akang'aka.

"Mashahidi wako?"

"Mashahidi gani tena?"

"Na alama yako iko wapi?"

"Alama?"

Watu wa Suoniva, ambao hawacheki hadharani kuanzia Oktoba mpaka Mei, walicheka.

"Mwenye sikio ndiye mwenye kulungu, ndugu yangu," Sammol akasema.

"Bibi! Si ulipokea gari langu?"

"Nilipokea, na ahsante sana. Nikakupa kulungu ukamkimbiza. Sikio hukuliomba, mwanangu." Akamgeukia Hannes. "Elfu tisa, ulisema? Mashahidi hawa hapa."

Hannes akalipa, akipiga chafya ya furaha.

Veijo hakungoja zawadi zigawiwe. Watu wakiwa wamejazana ziwani, alichomoa ufunguo kwenye soksi, akapiga ngumi yake, akatimka. Kilomita themanini aliimba. Hata hivyo mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Veijo ulikuwa tangi tupu. Akasimama kwenye kituo cha mafuta.

Akatoka binti mmoja akitafuna ubani. Veijo akamfungulia mlango, tabasamu tayari, hadithi ya mama mgonjwa tayari. Binti akavua glavu, na kwa mazoea tu, kama anavyofanya yeyote aliyekulia huku, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango. Kidole kikasimama penye ile mikato na pembetatu.

"Gari zuri," akasema. "Bibi Ravdna hajambo?"

"Hajambo," Veijo akajibu, akamkabidhi ufunguo.

Akafungua tena mdomo ili aeleze, akaufunga. Katika vitu vyake viwili, kimoja kilikuwa kimeshakwenda, na cha pili kilikuwa kimeganda.