Ombi la Kutangaziwa Kwamba Athanas Yule Si Mimi

Athanas Mbunda,
Ghorofa ya tatu, Mchafukoge,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

YAH: MADHARA YALIYONIPATA BAADA YA WEWE KUCHAPISHA BARUA YANGU

Natumaini barua hii imekukuta mezani kwako na si likizoni, maana zile nilizoleta ukiwa likizoni hazikuonekana tena. Mimi ni msomaji wako wa miaka kumi na tisa na muuza vitabu vya mitumba hapa Kariakoo. Wengi huniita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha popote. Ni kwa sababu husoma gazeti kwa sauti. Leo sina hoja juu ya taifa. Nakulalamikia wewe.

Mwezi Machi ulichapisha barua yangu yenye kichwa "Kizazi Kilichozikwa Kikiwa Kimekaa". Humo nilithibitisha kwamba vijana wanaocheza gemu kwenye kompyuta, na hasa wale wanaojirusha laivu ili wengine wawatazame wakicheza, ndio mwisho wa ustaarabu. Nilitoa mfano wa Roma. Nikatoa na mfano wa binti mmoja msomi wa takwimu, anayeshinda Jumapili nzima akipayuka mbele ya skrini kama mpiga debe. Binti huyo ni Violeth, mwanangu, anayefanya kazi Arusha. Asubuhi ile ile aliniandikia: "Shikamoo baba. Nimeisoma. Kazi njema." Tangu hapo ni miezi mitano, hapokei simu yangu. Ya mama yake anapokea.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliichapisha. Nimekuletea barua zaidi ya mia mbili. Ile ya mitaro ya Ilala, yenye vipimo nilivyopima mwenyewe kwa kamba, uliikataa. Ile ya magari yanayoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu uliikataa mara mbili. Hii niliyoiandika kwa hasira, bila hata kuirudia, ukaiweka ndani ya boksi pamoja na picha yangu. Mhariri ni nani kama si mtu anayelipwa kukataa?

2. Hukukata hata neno. Miaka yote umenifyeka kama majani ya uwanja wa shule. Safari hii panga lako lilikuwa wapi?

3. Watu waliipenda. Hapa inanibidi nieleze jambo la aibu, na nakuomba ulisome ukiwa peke yako.

Kila Jumapili alasiri Violeth hukaribisha yeyote anayemtazama acheze naye gemu la mpira. Anayecheza naye huongea naye kwa kipaza sauti kwa dakika kumi na mbili. Nikajiuliza: nani mwingine anayepewa na mwanangu dakika kumi na mbili? Basi nikaamua kucheza. Nilifanya mazoezi wiki tatu kwenye kibanda cha gemu kule Ilala, nimevaa kofia na barakoa, nikisingizia mafua. Ikabaki mashine.

Ninayo kompyuta ya mezani iliyouzwa na ofisi moja ilipokuwa inahama. Ni kubwa kama kabati la vyombo, na barua zangu zote nimeziandikia humo. Mpya siimudu. Lakini kila mtu hapa anajua kwamba ya zamani huongezewa vipuri vya mtumba ikarudi ujanani kwa bei ya maelewano. Nikaibeba hadi kwa Abdulatif, fundi wa kompyuta mwenye duka chini ya ghorofa letu. Na ukutani kwa Abdulatif, pembeni ya tangazo la "Mali ikishauzwa hairudishwi", imebandikwa barua yangu ya Machi.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo umeibeba mwenyewe?"

"Marahaba. Naomba uiongezee nguvu."

"Ya kazi gani?"

Ndugu Mhariri, jiweke mahali pangu. Nyuma ya kichwa chake ilikuwa sura yangu mwenyewe, imenikunjia uso. Nikasema naandika kitabu.

"Mashallah. Kinahusu nini?"

"Mitaro ya maji machafu."

"Basi hii inatosha, Mwalimu. Kuandika hakutaki nguvu."

Nikamwambia kitabu kina picha. Picha zinatembea. Zinakimbia, ishirini na mbili kwa pamoja, juu ya majani. Kina na sauti ya umati, na huenda nikahitaji kukirusha laivu.

"Mitaro nayo ina mashabiki?"

"Ya Ilala inao," nikajibu.

Akaitazama barua ukutani, akanitazama mimi, akasema, "Nimekuelewa. Rudi kesho kutwa." Sikuona dalili yoyote kwamba ameshuku.

4. Nilipoifuata, fundi alitaka kupanda nayo aje aiunganishe mwenyewe. Nilimkatalia kabisa, kwa kuwa mezani kwangu vilikuwepo vifaa vya kuchezea na vya kusikilizia ambavyo mwandishi wa mitaro havimhusu. Nikaichomeka mwenyewe. Mtu aliyesoma vitabu viwili vizima kuhusu kuanguka kwa Roma hawezi kushindwa na waya.

5. Jumapili iliyopita niliingia kwa Violeth kwa jina la Mpenda Haki, maana jina langu ulishaniharibia. Mechi ikaanza. Wachezaji wangu wakatembea kama wanaosindikiza jeneza. Kipa wangu aliruka wakati wapinzani wameshamaliza kushangilia. Nilikuwa nimeandaa maneno, Ndugu Mhariri. Niliyaandika na kuyafuta siku nne, na la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo Violeth akawaambia watazamaji wake, "Jamani, huyu kaka mashine yake ina pumu. Pole kaka, ukapumzike. Anayefuata!"

Akanitoa. Mwanangu wa kumzaa ameniita kaka mbele ya watu mia tatu.

6. Mke wangu Selina alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Hilo pia naliweka kwenye hesabu yako.

Sasa tufuate mantiki, kwa sababu mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Usingechapisha, nisingeona aibu. Nisingeona aibu, nisingemdanganya fundi. Nisingemdanganya, asingenitengenezea mashine ya kuandikia mitaro. Mashine ingekuwa ya gemu, ningemaliza dakika zangu kumi na mbili na ningesema nililotaka kusema. Kwa hiyo aliyenitoa uwanjani ni wewe, na Violeth ametumika tu. Ukilitazama kwa upana, gazeti linalotenganisha baba na mtoto kwa barua ya baba mwenyewe ni hatari kuliko gemu lolote, na ninashangaa sijaliandikia barua.

Kwa hiyo nadai yafuatayo:

(a) Utangaze, ukurasa wa mbele, kwamba Athanas Mbunda aliyeandika barua ya Machi si huyu wa Mchafukoge. Jiji hili ni kubwa, akina Athanas hawakosekani. Picha mnaweza kusema mlichanganya.

(b) Umtume mwandishi wako mwenye adabu akaibandue barua ile ukutani kwa Abdulatif, na ikiwezekana aondoke na gundi yake.

(c) Uajiri mtu wa kudumu ambaye kazi yake itakuwa kunikatalia mimi. Niko tayari kumfanyia usaili.

Wasalimie wote hapo chumba cha habari, pamoja na dada wa mapokezi ambaye huzipokea barua zangu kwa vidole viwili. Yule msaidizi wako anayenirudishia kazi zangu zikiwa na wino mwekundu msalimie kwa namna ya pekee. Nimekuja kugundua kwamba alikuwa akinipenda.

Ni mimi niliyedhurika,

Athanas Mbunda
(si yule)

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Leo Jumapili, baada ya misa, Selina alimwita Abdulatif bila kuniuliza. Alichungulia nyuma ya mashine mara moja tu. "Mwalimu, waya wa skrini umeuchomeka tundu la zamani. Kadi ya picha niliyokuwekea, ile inayokimbiza gemu, tundu lake ni hili la chini." Akauhamisha. Kadi ya gemu, Ndugu Mhariri, ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini aliiweka kwa ajili ya kitabu cha mitaro, alisema, "Ah, Mwalimu! Ishirini na mbili wanakimbia juu ya majani, huo ni mtaro?"

Kwa hiyo uongo wangu haukumdanganya fundi, waya niliukosea mwenyewe, na mantiki yote hapo juu uifute. Madai (a) hadi (c) nayafuta pia. Barua ya Machi niliiandika mimi, na hilo unaweza kulichapisha.

Saa tisa niliingia kwa jina langu. Violeth alilisoma jina langu lote kwa sauti mbele ya watazamaji. Kisha akasema, "Shikamoo baba," nikaitika. Alinifunga goli la kwanza, la pili, la tatu. Baada ya la nne akauliza, "Baba, ulinisema mimi kwenye gazeti?" Nikamwambia, "Wewe, mwanangu. Nimekosa." Mia tatu wakasikia.

Akavuta pumzi, nikaisikia. "Haya, anzisha mpira, baba," akasema. "Aliyefungwa ndiye anayeanzisha."