Panya Kumi Wenye Matobo Mawili

Jumatatu, 4 Machi

Leo siku ya saba tangu tuwapandikize. Panya weupe kumi, kila mmoja na kiraka cha ngozi ya panya mweusi mgongoni. Mwili hukataa ngozi ya mgeni, kama unavyokataa figo ya mgeni. Dawa zetu ni za kuubembeleza ukubali. Panya watano wanakunywa dawa yangu, watano wanakunywa ya Nadhifu. Ijumaa Profesa, mkuu wa maabara, anakagua. Dawa ambayo viraka vyake vitakuwa hai itaendelea, nyingine itafungwa kabatani.

Viraka vyangu vimekuwa vigumu, rangi ya kahawia. Vya Nadhifu laini kama shavu la mtoto! Huyu Nadhifu ni mtafiti mwenzangu, hupiga pasi koti la maabara mpaka ukosi. Ameniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Msaada! Nani kamwomba?

Nyumbani nimemkuta dada yangu akimeza vidonge vyake tisa. Ana figo ya mdogo wetu, mwaka wa nne sasa, na vidonge ndivyo vinavyoilinda. Vinamvimbisha uso, vinamtetemesha mikono. Nilimwahidi dawa moja badala ya tisa. Kauliza kazi inaendaje. Nimesema vizuri mno. Sijui kwa nini nilisema vile.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata wazo. Kila kizimba kina kadi yenye jina la mwenyewe. Kadi ni karatasi tu, huchomolewa. Saa ya chakula watu walipotoka, Mama Vizimba, mtunza panya wetu, akiwa chumba cha pili anaosha chupa za maji za panya, nikabadilisha. Kadi yangu kwa wale laini, ya Nadhifu kwa wale wagumu. Nimejitetea: mwenye dada mgonjwa ni mimi, si yeye.

Kuhusu dawa gani hasa ndiyo itakayoendelea, hilo sikulifikiria sana. Kichwa kiliniuma.

Jumatano, 6 Machi

Sielewi. Sielewi kabisa. Kizimba chenye kadi yangu kina viraka vigumu! Vigumu kuliko juzi! Niliota? Kadi zimeota miguu?

Nimewaza mpaka nikachoka. Jibu ni moja tu: Nadhifu naye anabadilisha kadi. Mtu hana haya! Nimebadilisha tena. Baadaye tumekutana kwenye ukumbi, akanisalimia na kunitakia kazi njema. Wanafiki ndivyo walivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Zimerudi tena! Nimemuuliza Mama Vizimba, kwa mbali, kama mtu asiye na shida. Kaniambia kadi za siku hizi zinaanguka ovyo, naye kila asubuhi anasoma masikio na kuzirudisha mahali pake. Panya wangu wana tobo moja sikio la kushoto, wa Nadhifu tobo moja la kulia. Kumbe! Nikajikausha, nikamshukuru kwa uangalifu wake.

Basi adui ni masikio. Saa ya chakula nimechukua koleo la kutobolea, nikawatia panya wote kumi kwenye ndoo moja. Wangu nimewatoboa la kulia. Wake nimewatoboa la kushoto. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba tobo huongezwa, halipunguzwi. Sasa wote kumi wana matobo mawili! Nikasema haidhuru, nitawatenga kwa viraka.

Mara mlango! Nadhifu! Nimewarudisha vizimbani watano huku, watano kule, bila hata kutazama. Kauliza ndoo ya nini. Nimesema naiosha. Akavuta kiti, akakaa kuandika, hakuondoka mpaka kazi ikaisha. Nitawapanga kesho asubuhi na mapema.

Ijumaa, 8 Machi

Yarabi toba.

Magamba magumu yote yamedondoka. Panya watano wana ngozi laini inayoota manyoya meusi. Watano wengine wamebaki na vidonda vitupu. Na wamechanganyika, wazuri na wabaya, vizimba vyote viwili!

Mama Vizimba kasema hajashangaa. Gamba hudondoka, na mara nyingine chini yake kuna ngozi nzima. Na laini nayo mara nyingine huoza siku ya mwisho. Ameyaona mara nyingi. Mimi pia nilikuwa nayajua, nimewahi kuyafundisha darasani! Yaliniponyoka wiki hii yote. Kwa hiyo huenda wazuri ni wangu. Au wa Nadhifu. Nimewatazama mmoja mmoja mpaka macho yakaniuma.

Aliposhindwa kuyasoma masikio, Mama Vizimba alizitia kadi mfukoni na kumwita Profesa. Profesa alipoona manyoya meusi nusura aruke. Kasema dawa moja inafanya kazi! Akauliza ipi. Akainua panya, akatazama masikio, kisha akanitazama mimi. Mbona mimi? Nilipojitazama nikaona koleo limechomoza mfukoni mwa koti langu.

Nadhifu aliketi sakafuni, na koti lake lile la pasi.

Kila kitu kinaanza upya. Miezi mitatu. Sikufukuzwa, ila Nadhifu ndiye atakayenisimamia.

Nimemweleza dada yote. Nilitaraji anigombeze. Kaniuliza jambo moja tu: dawa iliyofanya kazi ni yangu? Nikamwambia sijui. Ndiyo kweli ya kwanza niliyomwambia wiki hii. Akaniambia basi nimletee maji, akafungua chupa ya vidonge, akaanza na cha kwanza. Nilisimama pale na bilauri mpaka akamaliza vyote. Nimeona aibu, sikuweza kula.

Jumatatu, 11 Machi

Panya wapya, viraka vipya. Nimebadilika, nimeapa. Profesa kapiga marufuku matobo, sasa kila panya ataandikwa namba ya wino mkiani. Ufunguo wa chumba cha panya anao Mama Vizimba, daftari la namba analo Nadhifu. Sawa kabisa. Nimefanya kazi kwa adabu siku nzima.

Nimemuuliza tu Mama Vizimba, kwa mbali, wino ule unafutwa na nini. Kasema spiriti.

Sina nia yoyote. Lakini viraka vya Nadhifu tayari vinaonekana laini kidogo, na dada hana miaka mingine minne ya kunisubiri. Nimenunua chupa moja, ndogo tu.